Ndege ya usiku, ya alfajiri au ya mchana kuja Entebbe msimu wa radi: ipi uchukue

Binamu yangu wa Mombasa kanitumia picha za tiketi tatu, zote za Nairobi kuja Entebbe, zote za Novemba. Moja inatua saa saba usiku, ya pili saa moja asubuhi, ya tatu saa saba mchana, na hiyo ya mchana inazidi zenzake kama dola 40 hivi. Anakuja na shangazi kwenye kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya dada yetu kule Masaka, na anachouliza ni kimoja tu: ipi kati ya hizi haitatugeuza kama mwaka jana? Maana mwaka jana walipanda ya alfajiri, wakafika mpaka juu ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, wakazungushwa pale karibu nusu saa huku nje radi zinawaka kama mtu anachomelea mageti, alafu kapteni akatangaza wanarudi Nairobi. Saa tatu asubuhi shangazi akajikuta kwenye kiti kilekile cha chuma alichokiacha usiku, mbele yake mfagizi yuleyule.

Mi nilikaa miaka tisa upande wa makaratasi ya ndege, ile kazi ya kupanga njia na mafuta kabla rubani hajafika uwanjani, kwa hiyo kila ndugu akitaka kukata tiketi lazima anipigie kwanza. Sasa swali lake limekaa upande. Hakuna ndege ya kuja Entebbe mwezi wa Novemba ambayo mtu mwenye akili atakuapia haitageuzwa. Cha kuuliza ni hivi, ikigeuzwa utashushwa wapi, itakuwa saa ngapi, na wale marubani watakuwa bado na masaa ya kukuleta? Ukizipima tiketi kwa namna hiyo mpangilio unabadilika kabisa, na ile ya alfajiri ambayo shangazi ameilaani mpaka leo haikai mkiani.

Ziwa lenyewe lina ratiba yake

Hapa Entebbe uwanja umekaa kwenye ulimi wa ardhi, maji karibu pande zote, na ziwa lenyewe ni kama kilomita za mraba 68,800, yaani ni kubwa kiasi kwamba linajitengenezea hali ya hewa lenyewe bila kungoja mtu. Mchana jua likiwaka nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, basi upepo unatoka ziwani unaingia bara, na mawingu yanajengeka huko huko bara, Kampala, Mukono, na upande wa pili kwenye miinuko ya Kericho na Nandi ambako mvua ya mawe ya alasiri ni kitu cha kawaida. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto la mchana, upepo unatoka kila upande unateremkia ziwani, unakutana katikati, hewa yenye unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu. Hapo ndo radi zinazaliwa, kuanzia usiku wa manane mpaka jua linachomoza, na kwa vile upepo wa huku mara nyingi unasukuma kutoka mashariki, mzigo wote unaletwa upande wetu wa magharibi, visiwa vya Ssese, Bukoba, na sisi hapa Entebbe. Wavuvi wa Kigungu, ambao wanakaa jirani kabisa na ranwei, wanalijua hili bila rada yoyote.

Na Uganda kwa radi sio mchezo. Tororo kule karibu na mpaka ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Misimu mikali ni Machi mpaka Mei, alafu tena kuanzia Septemba mpaka mwanzo wa Desemba, ila kusema kweli ziwa linaweza kukurushia radi hata Januari likijisikia.

Kwa hiyo tukiangalia tu uwezekano wa kukutana na radi wakati wa kutua: alfajiri ndo mbaya zaidi, usiku wa saa saba ni katikati kwa sababu mawingu yanaanza kukomaa ziwani ila mengi hayajafika kwetu, na mchana ndo pazuri, kati ya saa tano asubuhi na saa nane, ya usiku yameshakufa na ya bara hayajaiva. Hapo mtu angeweza kufunga simu, mchana imeshinda. Ila uwezekano ni nusu tu ya hesabu.

Rubani anaona nini, na mnara unaona nini

Watu wengi wanadhani mnara ndo unaamua, kwamba kuna mtu pale juu anasema leo hapatuliki, rudini. Kwa mambo ya radi sio hivyo. Muongoza ndege anatoa taarifa: upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani, unaona umbali gani, wingu la radi liko upande upi wa uwanja, na aliyetua kabla yako alisema nini. Kutua au kutotua ni neno la kapteni. Mnara unaweza kukukatalia kutua kwa sababu ranwei ina kizuizi au mwenzako hajatoka, lakini radi ikiwa inapiga mwishoni mwa ranwei, ruhusa utapewa kama kawaida na uamuzi unabaki kwako.

Na kila mmoja ana nusu ya picha. Rubani ana rada kwenye pua ya ndege ambayo inaona maji, inampakia rangi, kijani ni mvua ya kawaida, njano jiangalie, nyekundu usiguse. Haimwonyeshi kwamba kuna ndege nyingine inakuja kutoka kushoto. Muongoza ndege yeye skrini yake imetengenezwa kuona ndege, namba zao, urefu wao na mwendo, mawingu kwake mara nyingi ni kitu cha kusimuliwa. Ndo maana mazungumzo yao wakati wa radi yanafanana na vipofu wawili wanaosaidiana kuvuka barabara ya Jinja (wenyewe wakisikia watanichukia). Rubani anasema naomba kukwepa kulia maili kumi na tano kwa sababu ya hali ya hewa. Muongoza anaangalia, kulia kuna mwenzako anapanda kwenda Kigali, basi anamwambia ngoja, au kwepa lakini baki urefu huo huo, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuhakikisha kati ya ndege na ndege kuna maili tano kwa ubavu au futi 1,000 kwa juu na chini. Sasa weka ndege sita, kila mmoja anataka kukwepa upande wake, kila mmoja rada yake inamwonyesha tundu tofauti, na wote wako kwenye masafa mamoja ya redio wanakatana maneno. Kwa maoni yangu dakika kumi kama hizo mnara unafanya kazi ngumu kuliko rubani, ila sifa zote anapewa kapteni pale mlangoni.

Rada ya pua nayo ina ujanja wake mbaya. Mvua ikiwa nzito sana mbele, inameza mawimbi ya rada, kwa hiyo nyuma yake panaonekana peusi, pasafi, kama mlango uko wazi. Rubani mgeni wa tropiki anaweza kudhani amepata njia kumbe pale ndo tumboni mwa dubwana. Wazoefu wanasema ukiona nyekundu alafu nyuma yake ghafla hakuna kitu, usiamini hakuna kitu. Kupita juu nako sahau. Mawingu ya radi ya huku yanaweza kuvuka futi 50,000, na ndege ya abiria inatembea kati ya 30,000 na 40,000. Ni kuzunguka kwa pembeni, na kwa radi kali mafunzo yanasema kaa mbali maili 20.

Kitu kinachoogopwa zaidi karibu na ardhi sio umeme. Radi ikipiga ndege mara nyingi inapita kwenye bodi ya nje na kutoka, mafundi wanakagua, maisha yanaendelea. Kinachoua ni hewa inayoporomoka kutoka kwenye wingu kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Ndege ikiingia inakutana kwanza na upepo wa mbele, inanyanyuka, rubani anapunguza nguvu, sekunde chache baadaye upepo umegeuka wa nyuma na mabawa hayana kitu cha kushika. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta 191 ilianguka hivyo Dallas, wakafa watu 137, na kuanzia hapo ndo mafunzo na vifaa vya kugundua upepo wa namna hii vilipopewa uzito. Kwa hiyo ukiwa abiria, umeshaona taa za Kigungu, matairi yameshushwa, ghafla injini zinanguruma mnapanda tena, usianze kulalamika. Huyo kapteni amefanya kitu sahihi.

Na kwetu hapa hapa ziwani, 6 Novemba 2022, ATR, ndege ya mapangaboi, ya Precision Air ikiwa na watu 43 iliingia majini karibu na ranwei ya Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, wakafa 19. Wavuvi ndo walifika wa kwanza na mitumbwi yao. Bukoba iko ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu, mwezi ni huu huu wa Novemba, na ilikuwa asubuhi. Nilimkumbusha binamu alipoanza kusema mwaka jana kapteni alikuwa mwoga.

Kuzunguka kungoja, au kugeuza mapema

Hapa ndo penye utamu, na ndo watu wa nje wasipopaelewa. Ndege ikifika na kukuta radi imekalia uwanja, kapteni ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kungoja: anapewa sehemu ya kuzunguka, umbo la uwanja wa mbio, kulia, dakika moja moja kwa moja, dakika moja kugeuka, tena na tena, kwa hiyo duara moja ni kama dakika nne ukiwa chini ya futi 14,000. Wakiwa wengi wanapangwa kama chapati kwenye sahani, kila mmoja futi 1,000 juu ya mwenzake, wa chini ndo anatua wa kwanza. Ya pili ni kugeuza kwenda kiwanja mbadala ambacho kiliandikwa kwenye karatasi kabla hata hajapaa.

Ipi bora? Inategemea radi ni ya aina gani na tenki lina nini. Wingu moja la radi likiwa peke yake huishi kama nusu saa mpaka saa moja alafu linajimaliza, basi ukilikuta limeshafika nusu ya maisha, ngoja, utatua. Likiwa ni ukuta, yaani moja likifa linazaa jingine ubavuni kutoka ziwani, kungoja ni kuchoma mafuta bure. Mnara unasaidia sana hapa kwa sababu wanaliona kwa macho, wanajua linaelekea Kampala au limekwama, na watu wa hali ya hewa wanatoa taarifa mpya kila saa au nusu saa, na ya dharura katikati mambo yakibadilika.

Mafuta sasa. Kanuni za kimataifa zinataka jeti ipakie ya kufika safari, kaakiba ka mambo ya njiani, ya kutoka hapo mpaka kiwanja mbadala, na mwisho dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja. Hizo 30 za mwisho hazipangiwi matumizi, unatakiwa utue zikiwa bado tenkini. Tufanye hesabu ya vidole: tuseme ndege imefika Entebbe na mafuta ya dakika 95. Mbadala wake ni Nairobi, dakika 50. Toa 50, toa 30, zinabaki 15. Hiyo ni miduara mitatu tu, wa nne haumaliziki. Ndege ileile, mafuta yaleyale, ila mbadala wake ni Kisumu, dakika 30: zinabaki 35, miduara minane. Umeona? Kiwanja mbadala kikiwa karibu kinakununulia muda wa kungoja, na kikiwa mbali kinakulazimisha uamue haraka. Kwa hiyo ukiona ndege moja imezunguka dakika 35 ikatua na nyingine imezunguka mara mbili tu ikaondoka, usiseme wa kwanza ni jasiri. Walipakia tofauti, basi.

Kwani si wajaze tu tenki? Wanaweza kuongeza, na msimu wa radi mi nilikuwa naongeza bila aibu, lakini mafuta ni mzigo, na sehemu ya mafuta unayobeba inaliwa na kazi ya kuyabeba yenyewe, alafu ndege ikiwa nzito sana kuna kikomo cha uzito wa kutua. Bosi mmoja alikuwa kila mwisho wa mwezi ananionyesha karatasi ya gharama. Namuitikia ndio mzee, kesho yake asubuhi naangalia mawingu ya ziwani naongeza tena.

Kuna somo la zamani kuhusu maneno. 25 Januari 1990 ndege ya Avianca 52 ilizungushwa ikielekea New York mara tatu, jumla zaidi ya saa moja, marubani wakawa wanasema mafuta yanaisha, wanaomba kipaumbele, lakini neno la dharura hawakulitamka. Injini zikazima, ikaanguka Cove Neck, wakafa 73 kati ya 158. Siku hizi maneno yamepangwa ngazi mbili. La kwanza linamwambia mnara kwamba mafuta yamefika kiwango cha chini, nimeshajifunga kutua hapa, siwezi tena kwenda kwingine, ukinichelewesha zaidi nitaanza kula zile 30 za mwisho. Hilo halikupi nafasi ya mbele kwenye foleni, ni taarifa. La pili ni meidei ya mafuta, na hapo kila mtu anapishwa njia. Rubani mzuri haonekani kwa kusema meidei vizuri, anaonekana kwa kugeuza duara mbili kabla hajaihitaji, na ndo maana kapteni wa mwaka jana mi namtetea.

Akishaamua kugeuza, mnara unageuka kuwa ofisi ya simu. Wanawapigia wenzao wa Nairobi au Kigali, ndege fulani inakuja kwako, urefu huu, itavuka mpaka dakika hii. Wakati huohuo wanazuia walioko chini wasiwashe injini, na kule kwenye maegesho vijana wa mizigo na mafuta wanaacha kazi umeme ukiwa karibu, kwa hiyo hata ukifanikiwa kutua unaweza kukaa ndani ya ndege dakika arobaini ukiangalia sanduku lako linanyeshewa.

Viwanja vya kukimbilia

Hapa abiria ndo anatakiwa aangalie kwa makini maana ndo pa kulala pake.

Nairobi iko kama kilomita 520, ranwei yake inazidi kilomita 4, ina mafundi, mafuta, ngazi, hoteli, kila kitu, na saa yoyote. Ukitoka Nairobi ukarudishwa Nairobi inauma lakini ukweli ni kwamba umeshushwa penye ndege nyingine za kuja Entebbe siku hiyohiyo. Ubaya wake ni umbali, na Julai na Agosti asubuhi mawingu ya chini yanawasumbua wenyewe.

Kisumu ni kilomita 255 hivi, karibu kuliko vyote vya maana, na uzuri wake mkubwa ni saa: radi za upande ule ni za alasiri na jioni, kwa hiyo alfajiri Entebbe ikiwa inawaka Kisumu mara nyingi wanakunywa chai. Lakini maegesho ni machache. Ndege tatu zikikimbilia hapo kwa pamoja, ya nne inaambiwa nenda mbele. Midege ya kutoka Ulaya hapo sio pake.

Kigali, kilomita 340, huduma nzuri, usafi usiseme, ranwei kilomita 3.5, ila iko juu kama mita 1,480 na vilima vimeizunguka, kwa hiyo nao wakiwa na radi ya alasiri rubani hana nafasi ya kucheza. Kwa asubuhi ni chaguo zuri. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho tu, kwa hiyo ukishushwa Kigali au Kisumu wewe mwenye kitambulisho huna presha, mwenzako mwenye pasi ya mbali ndo atakaa ndani ya ndege akiangalia dirishani.

Mwanza iko ziwani kama sisi, siku ziwa lote limechafuka haikusaidii. Gulu ni ndani ya nchi, kilomita 300 kaskazini, ranwei inabeba jeti, na mbali na ziwa. Tatizo lake ni huduma za chini, ukitua na watu mia na hakuna ngazi ya kufika mlangoni mwa ndege yako umetua bado uko angani.

Sasa tiketi tatu

Ya mchana, saa saba. Uwezekano wa kugeuzwa ni mdogo kuliko zote, na hata ukigeuzwa, mbele yako kuna jioni nzima, marubani wako katikati ya zamu, na Kisumu na Kigali bado hazijaanza radi zao za alasiri. Dola 40 zaidi. Kwa mtu anayesafiri na mama wa miaka sabini na kitu mwenye dawa za sukari, hizo dola ni bei ya haki.

Kati ya alfajiri na usiku ndo tulibishana nusu saa na binamu. Yeye anasema usiku, kwa sababu radi Entebbe saa saba usiku ni chache kuliko saa moja asubuhi, na kwa hilo yuko sawa. Mi nasema alfajiri. Ndege ya saa saba usiku mara nyingi ni ya mwisho ya siku kwa wale marubani, masaa yao ya kazi yana kikomo kisheria, wakigeuzwa Nairobi saa nane usiku zamu imeisha, hawaruhusiwi kukurudisha hata radi ikiisha baada ya dakika ishirini. Hapo utangoja marubani wengine waamke, na ngoja ngoja hiyo inaingia kwenye alfajiri yenyewe, saa mbaya kuliko zote za kutua Entebbe. Kaunta zimefungwa nusu, hoteli usiku ule ni foleni, shangazi miguu imevimba. Ya alfajiri ikigeuzwa, na itageuzwa mara nyingi kuliko ile, marubani ndo kwanza wameamka, wanajaza mafuta, wanangoja kama masaa mawili, na kufikia saa tano ziwa limetulia wanakuja. Mwaka jana yenyewe walifika Entebbe saa sita mchana. Hasira zilikuwa kubwa kuliko hasara. Kwa hiyo mpangilio wangu ni mchana, alfajiri, usiku, na ya usiku ningeichukua tu kama ningekuwa peke yangu na begi la mgongoni.

Kitu kinachozidi zote tatu ni siku. Kwanjula ni Jumamosi, basi usije Ijumaa. Njoo Alhamisi, uache siku nzima katikati ya ndege na sherehe, maana mnara wa Entebbe haujui kwamba bwana harusi mtarajiwa ameshalipia ng'ombe.

Wale wanaoendelea mbele na vindege vidogo, Entebbe au Kajjansi kwenda Kidepo, Kasese, Kihihi, ratiba yenu inageuka kinyume. Huko bara radi ni za mchana kushuka, kwa hiyo asubuhi ndo pazuri, na mkichelewa kwa sababu ziwa linanyesha, mngoje limalize tu. Rubani wa Caravan, kindege cha injini moja, hana futi za kupanda juu ya kitu chochote, anakwepa kwa macho na kwa rada ndogo, na akiona pamefunga anarudi. Ukipewa rubani anayerudi mara kwa mara, mshike.

Kurudi Nairobi chukua ya kabla ya saa sita mchana, hilo halina mjadala mrefu.

Mizigo: dawa za shangazi zote mkononi, za siku mbili zaidi, na chaja, na sweta kwa sababu ukumbi wa Nairobi usiku una baridi ya ajabu. Namba ya special hire, yaani teksi ya kukodi, asiipigie mpaka matairi yaguse chini, maana mwaka jana dereva alitoka Kitooro saa kumi na moja alfajiri akangoja kwa saa saba, na kila saa ilikuwa na bei.

Amekata ya mchana, Alhamisi. Shangazi kaambiwa, akauliza kama na hiyo inazungukaga, tukamwambia inaweza, akasema sawa, ila safari hii atabeba mahamri yake mwenyewe.